Mechi ya Kukodisha Mgongo

14 Mtaa wa Pecan,
Harlow Springs, Alabama.
9 Desemba.

Mpendwa mdogo wangu Vernita,

Pokea salamu zangu za moyoni, na za baridi pia, maana leo asubuhi bomba la nje limeganda na shemeji yako Hosea amelimwagia maji ya moto huku akilitukana kama vile lina masikio. Wewe u mzima? Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unasimama wodini saa kumi na mbili mfululizo, nikakuuliza kama umenunua vile viatu, ukaanza kunisimulia habari za theluji ya Korea. Vinunue. Umeja wa jeshi haumpi mtu nyayo za chuma.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Sukari yangu imeshuka, daktari amefurahi, na mimi nimefurahi kumwona akifurahi. Hosea goti bado linamsumbua ila mdomo ni mzima kabisa. Mwanao Jarrell hajambo, anasoma, anakula mpaka nauficha mkate wangu wa mahindi. Siku hizi anainama kidogo akipita mlango wa jikoni. Yeye ndiye aliyeifanya barua hii iwe ndefu.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu ikisita, ungeanza maswali yako ya kipolisi, na mimi ningelia au ningedanganya. Kwenye karatasi angalau nitamaliza sentensi zangu. Kwa hiyo kaa kitako, weka chai, na usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na kila kitabu cha shule.

Nianze na mpira, huu wetu wa Kimarekani. Hujasahau kwamba kila Septemba Chuo cha Harlow husafiri kwenda kupigwa. Enzi zako tulipigwa kwa pesa ya kununulia jezi tu. Mwaka huu chuo kimoja kikubwa cha jimbo la jirani, chenye uwanja wa kuingiza watu elfu tisini, kilitulipa dola laki sita na nusu twende tukawafungulie msimu. Wao wanapata ushindi rahisi na uwanja uliojaa, televisheni zao zinauza matangazo ya bia na magari, na sisi tunarudi na hundi na michubuko. Hosea anaiita mechi ya kukodisha mgongo. Mgongo wa mwaka huu umetupatia paa jipya la ukumbi wa mazoezi, tarumbeta za bendi, na basi la mabinti wa riadha. Bila vijana wetu kukubali kipigo, mabinti wale wangeenda kwenye mashindano kwa mbio.

Tulitazama kanisani, kwenye ile televisheni kubwa ya ukumbi wa chini. Tulipigwa hamsini na mbili kwa kumi na saba, lakini katika hizo kumi na saba, mabao mawili makubwa ni ya mwanao. La pili, Vernita, laiti ungeliona! Mpira ulirushwa mrefu, ukampita beki wao, jitu lenye shingo kama gogo, Jarrell akaruka, akaudaka kwa mkono mmoja, akatua, akakimbia nao mpaka ng'ambo ya mstari wa mwisho. Nilipiga ukelele nikamwagia chai ya barafu mke wa mchungaji. Akaniambia, "Mwaga tu, Dada Ozella, mwaga!"

Jarrell aliporudi alitusimulia kwamba yule jitu alimwambia, "Dogo, nyinyi si mmelipwa mlale?" Naye akamjibu, "Nimelipwa nije. Kulala ni hiari yangu." Hosea ameirudia sentensi hiyo kwa kila mtu hapa mjini, hata kwa wakala wa bima aliyepiga simu kimakosa.

Basi kuanzia Jumatatu yake Harlow haikutulia. Duka la chuo liliishiwa kofia zenye nembo yetu ya korongo kabla ya saa sita. Picha ya Jarrell akiwa hewani ilisambaa kila mahali. Watu wa California, ambao hawajui hata Alabama iko upande gani, wakaagiza fulana za Harlow. Vijana wakaanza kuandika barua za kuomba nafasi. Sisi tuliozoea kuona madarasa yakipungua mwaka hadi mwaka tukaanza kutembea vifua mbele, kama kwamba ni sisi tulioruka.

Wiki iliyofuata alikuja Bwana Lemuel Swoope wa nyumba ya maziko. Unamkumbuka, bango lake limekaa juu ya ubao wa matokeo tangu tungali wadogo. Akavua kofia mlangoni, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Dada Ozella, namtaka kijana."

Nilishika fremu ya mlango. "Akiwa mzima?"

"Mzima, mzima! Wa tangazo, dada yangu."

Kumbe siku hizi, tangu sheria ibadilishwe, mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina lake na sura yake. Swoope akakaa sebuleni na Jarrell kama mtu na mtu mzima mwenziwe, akamuuliza anaonaje, akamwachia karatasi aisome siku tatu. Jarrell akaisoma, akakubali, na sasa yuko kwenye bango refu barabara kuu, suti nyeusi na glavu nyeupe, ameukumbatia mpira kifuani, na chini pameandikwa: "Swoope na Wanawe. Hatuangushi mtu." Watu wanasimamisha magari wapigwe picha chini yake. Pesa ile alinunulia matairi na betri ya gari lake, na akaninunulia miwani mipya bila mimi kumwomba. Ndiyo ninayoivaa ninapokuandikia.

Sasa nafika mahali pagumu, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Unajua siku ya wahitimu kurudi chuoni ndiyo siku yetu. Tunakodisha nyasi za mbele ya nyumba kwa magari, Hosea anachoma mbavu tangu alfajiri, mimi nauza karanga za kuchemsha na pai. Mwaka huu nikaona nisilale. Nikaenda kwa fundi wa kuchapa, nikatengeneza fulana mia tatu: namba themanini na moja mgongoni, na kifuani sura ya Jarrell imechorwa akicheka, na ule mwanya wake wa meno. Nilifanya kwa kujivunia, Mungu ananiona. Lakini sikuzigawa bure. Niliziuza dola ishirini na tano kila moja, na kufika mchana zilibaki chache.

Baada ya mechi Jarrell akaja, nywele bado mbichi za maji. Nikampigia kelele, "We mtoto, pita huku nyuma ule, mbavu zako nimezificha!" Akasema, "Napanga foleni kama wengine, Mama Mkubwa." Nikacheka. Akapanga kweli. Alipofika mbele akanyoosha dola thelathini.

"Moja. Saizi kubwa."

"Acha utani, Jarrell."

"Sitanii. Bei si ishirini na tano?"

Watu walikuwa wanacheka, wanampiga picha, wanadhani ni mchezo tumeupanga. Na mimi nikacheka nao. Nikachukua zile dola thelathini, Vernita, nikamrudishia chenji, mtoto niliyemkata kucha tangu ana miaka kumi na mmoja. Akaikunja ile fulana vizuri, akasema asante, akaenda zake bila kula.

Jioni tunasugua jiko la kuchomea, Hosea akaniambia bila kuniangalia, "Ozella, Swoope alimuuliza."

"Alimuuliza nini?"

"Kama anakubali."

Nikaendelea kusugua waya mpaka ukang'aa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeichapa kabisa hiyo nguo, kwa rangi tatu. Mtu wa maziko alimheshimu mwanao kuliko mimi niliyemlea.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekosa mara moja tu. Lakini nimekosa mara mbili, na la pili ndilo zito.

Mwanzoni mwa Novemba kocha wake wa sekondari alianza kupokea salamu kutoka kwa watu wanaowajua watu wa chuo kile kikubwa. Kisheria hawatakiwi kumsemesha mpaka dirisha la uhamisho lifunguliwe baada ya Mwaka Mpya, lakini maneno hayasubiri dirisha, yanapita chini ya mlango. Wanamtaka. Ndivyo ilivyo siku hizi: sisi tunapeleka mgongo, wao wanalipa, na wakati tunapigwa wao wanachagua. Mechi ile ile iliyotuezekea paa ndiyo inayotutolea mtoto.

Mji ukapata habari, na kila mtu akawa na la kumwambia. Kinyozi alimwambia akiondoka asirudi kunyolewa hapa. Mchungaji alihubiri juu ya Ruthu aliyekataa kumwacha mkwewe, macho yake yote yako kwetu, benchi la tatu. Wengine wakamtania, "Nenda ukachume, usitusahau ukinunua ndege." Wote walikuwa wanaongea juu ya pesa, yake au yetu. Hakuna aliyeuliza anataka nini, na mimi nikiwemo.

Kisha akaja Dk. Pickens, mkuu wa chuo mwenyewe, na pai ya viazi vitamu mkononi. Ukiona mwanamke mwenye shahada tatu amebeba pai, ujue ana shida. Akakaa jikoni akanieleza kwamba maombi ya wanafunzi wapya yameongezeka kwa theluthi, kwamba wahitimu waliokuwa hawajibu barua sasa wanatuma michango, kwamba Jarrell ndiye yuko kwenye jalada la kijitabu cha mwakani. "Matangazo ya namna ile, Dada Ozella, tungeyanunua ingebidi tuuze maktaba. Abaki mwaka mmoja tu. Wewe atakusikiliza."

Yule mama si mtu mbaya. Anapigania chuo kilichokusomesha wewe, kilichompa Hosea kazi ya kufyeka uwanja miaka ishirini na sita. Nikamwambia nitamsemesha kijana. Na moyoni nilikuwa nimeshakubali kabla hajafungua pai.

Siku nne baadaye, tunamenya viazi kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani, Jarrell akaniambia, "Mama Mkubwa, nataka kuhama. Lakini nilimwahidi Mama. Siku anaondoka mara ya kwanza aliniuliza nitamaliza alipomaliza yeye, nikaapa. Siwezi kumwambia kwa simu. Mwandikie wewe, umwombe anifungue."

Nilimjibu nini? Nilimjibu, "Nitaandika kesho."

Sikuandika. Wiki moja ikapita, ikaingia ya pili. Nilijiambia nampa muda afikiri vizuri. Nilijiambia ahadi ni deni. Nilijiambia Harlow inamhitaji. Ukweli ni mfupi zaidi: Mungu hakunipa mtoto, nikapewa wako kwa kuazima, na sikutaka kumrudisha. Sikutaka hata kukifikiria kile chumba cha nyuma kikiwa kitupu. Na nyuma ya hayo, nisikufiche, kulikuwa na nyasi za kukodisha na fulana za mwakani.

Jumamosi iliyopita nikiwa nageuza chapati za maziwa jikoni akaniuliza, "Mama amejibu?"

Nikasema, "Bado hajajibu."

Ilinitoka kirahisi tu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua sahani yake. Kisha akasema taratibu, "Ndiyo maana Jumapili alinipigia akaniuliza mitihani tu. Amekasirika." Na nikakumbuka kwamba Jumapili ile, baada ya simu yako, alikaa ndani ya gari hapo nje nusu saa nzima, injini imezimwa, na mimi nilimtazama dirishani nisijue kwa nini. Mwanao amekuwa akiamini kwamba umenyamaza kwa hasira. Wewe, ambaye hujasikia lolote.

Nikazima jiko. Nikamwambia yote: barua ambayo haipo, pai ya Dk. Pickens, fulana, woga wangu. Nilitegemea anipigie kelele. Ningefurahi angenipigia kelele. Akauliza tu, sahani bado mkononi, "Kwa hiyo Mama hajakasirika?"

"Hajui, mwanangu."

"Hajakasirika," akarudia, akacheka na machozi yanamtoka, akaweka sahani chini, akanikumbatia mpaka miwani ikapinda. Mimi niliyemdanganya ndiye aliyenibembeleza. Sijui umemzaaje huyu.

Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, kwa nini anataka kwenda. Nilijua jibu lake litakuwa pesa, na nisingemlaumu. Akaniambia kwamba siku ile ya mechi wenyeji waliwatembeza vijana wetu kwenye jumba la vikombe, yeye akachepuka. Akapita nyuma ya maktaba akakuta jengo lenye madirisha makubwa, ndani watu wanatengeneza miguu na mikono ya bandia. Akasimama dirishani mpaka fundi mmoja akamfungulia. Anasema alimuuliza maswali thelathini, nusura akose basi la kwenda uwanjani. Kule wanasomesha kazi hiyo. Harlow hatuna, na hatutakuwa nayo hata tukodishe migongo mia.

"Mama aliwahi kuniambia," akasema, "kuhusu yule askari aliyekuwa anageuza uso kila akiletewa mguu wake, kwa sababu ulikuwa mzito na mbaya. Nataka kumtengenezea mguu ambao atautazama."

Vernita, wewe ulimsimulia hadithi hiyo kwa simu akiwa na miaka kumi na mitatu, na ukasahau. Yeye ameibeba miaka saba. Mji mzima tulikuwa tunagombania mikono yake inayodaka, na hakuna aliyejua anataka kuifanyia nini. Mwana hutazama kisogo cha nina. Ile ahadi ya kumaliza ulipomaliza wewe ndiyo peke yake inayomzuia kukufuata.

Nimeshamwambia kwa upande wangu aende. Dk. Pickens nimemrudishia sahani yake ikiwa imeoshwa, nikamweleza ukweli. Akasema basi wataweka picha ya bendi kwenye kijitabu. Pesa ya fulana nimeiweka yote kwenye bahasha juu ya kitanda chake. Kinyozi nitamshughulikia mwenyewe. Lakini neno langu halimfungui Jarrell, kwa sababu hakuniapia mimi.

Dirisha la uhamisho halikai wazi muda mrefu. Barua hii ikikufikia, hata kama unatoka zamu na miguu imevimba, mpigie simu. Usipige kwangu, mimi nimeshaongea vya kutosha. Mpigie yeye, na usimuulize mitihani. Mwambie anayo ruhusa. Halafu mwache akueleze juu ya lile jengo, maana mimi nimekueleza robo tu, na yeye akianza kulisimulia anatumia mikono yote miwili.

Hosea anakusalimu, anasema ukirudi likizo atakuchomea mbavu mwenyewe. Bwana Swoope anakusalimu na kusema hana haraka ya kukuona. Mke wa mchungaji anakuombea kila Jumatano kwa jina lako kamili na cheo chako, ili Mungu asikosee Vernita. Nisalimie yule rafiki yako wa wodini, Kapteni Delphine, mwambie mapishi ya pai nitamtumia.

Bwana akulinde unapolala na unapokesha na wagonjwa, aibariki mikono yako, na ile mingine iliyotoka kwako inayotaka kufanya kazi kama yako.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye barua hii alipaswa kuiandika wiki mbili zilizopita,

Ozella